Ilimu ni Nyingi, Hikima I Wapi?

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mjuzi, Mwenye hikima. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, kila asomaye Qurani ataona kuwa majina mawili ya Mwenyezi Mungu hufuatana mara nyingi: Al-Alim, yaani Mjuzi, na Al-Hakim, yaani Mwenye hikima. Lau ilimu na hikima zingekuwa kitu kimoja, jina moja lingetosha. Kufuatana kwa majina hayo kwatufunza kuwa kujua ni jambo moja, na kukitumia kile unachokijua kwa haki na kwa kheri ni jambo jingine.

Tumeona inafaa kuyazungumza haya kwa sababu zama zetu hizi ilimu imesogea karibu kuliko wakati wo wote uliopita. Kijana aketiye barazani hapa Darajani, simu mkononi, husikiliza darsa za Makka, za Misri na za Tarimu kabla chai yake haijapoa. Babu yake alipanda jahazi na kungojea msimu wa upepo ili aipate darsa moja katika hizo. Hiyo ni neema, nasi twamshukuru Mwenyezi Mungu kwayo. Lakini juu ya neema hiyo twaona ndugu wanahasimiana, watoto wanawafedhehesha wazee wao mbele za watu, na misikiti inagawanyika kwa masala ambayo waliotutangulia walikhitilafiana nayo huku wakila sahani moja. Basi yatupasa tuulize: kimepungua nini?

NINI ILIMU, NA NINI HIKIMA

Ilimu ni kulijua jambo kama lilivyo. Hikima ni kuliweka jambo hilo mahali pake, kwa wakati wake na kwa kadiri yake, kwa kutaka radhi ya Mwenyezi Mungu. Tumeliongeza hilo la mwisho kwa sababu yuko mtu hodari wa kupima wakati na maneno, na uhodari wake wote ni wa kujipatia faida yake mwenyewe. Huo ni ujanja. Haustahiki kuitwa hikima.

Tutazame mfano ulio karibu nasi. Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, limejaa viungo vya kila namna. Karafuu ni ile ile kwa kila mnunuzi. Mpishi mwema hutia punje chache tu, pilau ikanukia nyumba nzima. Na mwingine hutia konzi zima, chakula chote kikawa kichungu. Wote wawili waijua karafuu, na wote wawili wameinunua kwa bei moja. Waliloachana ni kadiri.

Katika Suratul Baqara, aya ya 269, tumefahamishwa kuwa hikima ni kipawa cha Mwenyezi Mungu kwa amtakaye, na kuwa mwenye kukipata kipawa hicho amepata kheri kubwa. Na katika Suratul Jumua, aya ya 5, wamepigiwa mfano watu waliobebeshwa Kitabu kisha wasikifuate: wamefananishwa na punda aliyechukua mzigo wa vitabu. Punda huyo hakukosa vitabu. Vitabu alikuwa navyo mgongoni, havikumwingia moyoni.

Na Imamu wetu Shafi (r.a.) alipozitazama aya zisemazo kuwa Mtume alitumwa kuwafunza watu Kitabu na hikima, alisema kuwa hikima hiyo ni Sunna ya Mtume. Hebu tuyafikiri maneno hayo. Sunna ni Kitabu kilichokwisha kuwa mwendo wa mtu: namna alivyosema, alivyonyamaza, alivyosamehe, na alivyoishi na wake zake na jirani zake. Kwa hivyo mwenye kuitafuta hikima aitafute katika mwendo huo.

HUKUMU YA SHAMBA NA MBUZI

Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na ya 79, kimetajwa kisa cha Nabii Daudi na mwanawe, Nabii Suleiman (a.s.). Mbuzi wa watu fulani waliingia usiku katika shamba la mtu mwingine, wakaliharibu. Wanachuoni wa tafsiri wanaeleza kuwa Nabii Daudi aliamua mwenye shamba apewe wale mbuzi kuwa ni fidia yake. Nabii Suleiman akaona njia nyingine: mwenye shamba awachukue mbuzi kwa muda tu, anufaike kwa maziwa yao na watoto wao, na mwenye mbuzi alishughulikie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa. Halafu kila mmoja arejeshewe mali yake.

Mwenyezi Mungu ametuambia kuwa wote wawili alikuwa amewapa hukumu na ilimu, lakini fahamu ya kesi ile alimpa Suleiman. Hukumu ya baba ilikuwa ya haki. Hukumu ya mwana ilikuwa na haki hiyo hiyo, na juu yake hapana aliyebaki fakiri, wala hapana jirani wawili waliobaki na chuki. Hivyo ndivyo hikima ifanyavyo kazi: hailipunguzi haki ya mtu hata chembe, bali huitafutia njia ambayo watu wataweza kuishi pamoja baada yake.

Na Mtume wetu (s.a.w.) alituonyesha hayo kwa kitendo. Bedui mmoja aliingia msikitini Madina akakojoa humo. Masahaba wakamwinukia kwa ukali. Mtume akawazuia wamwache amalize, kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe pale, na yule bedui akamfahamisha kwa upole kuwa misikiti ni mahali pa sala na kumtaja Mwenyezi Mungu. Kila aliyekuwapo alijua kuwa mkojo ni najisi. Katika ilimu ya jambo hilo hapakuwa na khitilafu. Lakini wao waliiona najisi tu, na Mtume alimwona na mtu.

MASHEIKH WAWILI WA UNGUJA

Tusidhani kuwa hayo ni mambo ya zamani ya nchi za mbali. Katika mji wetu huu waliishi wanachuoni wawili ambao mpaka leo wanatajwa pamoja: Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir.

Sayyid Ahmad alizaliwa Ngazija mwaka 1861. Katika ujana wake alisafiri baharini kwa biashara akawa nahodha wa jahazi. Kisha Sayyid Barghash bin Said akampa ukadhi wa Unguja, naye bado kijana. Wengi wakifika cheo hicho huona kuwa wamemaliza kusoma. Yeye aliuacha ukadhi, akasafiri mpaka Istanbul, Misri na Makka, akakaa tena chini mbele ya masheikh. Aliporudi Unguja alishika ukadhi kwa miaka mingi, na fatwa zake zikatafutwa pwani yote ya Afrika Mashariki.

Sheikh Abdalla Bakathir alizaliwa Lamu, naye alikuwa kidogo mkubwa kwa umri kuliko Sayyid Ahmad. Juu ya hivyo alikubali kuwa mwanafunzi wake, akamheshimu kama mtoto amheshimuvyo babake. Alisafiri mpaka Hadhramaut kuwazuru wanachuoni wa huko na kusoma kwao, kisha akasomesha hapa mjini. Chuo chake cha Ukutani kilitoa wanafunzi waliokuja kuwa masheikh na makadhi.

Mwaka 1913 Sheikh Abdalla alisafiri mpaka Cape Town, ambako Waislamu walikuwa wamekhitilafiana katika mambo ya sala ya Ijumaa. Waislamu wa Cape Town hawakuwa wajinga. Walikuwa na misikiti, vitabu na wanachuoni wao. Lakini kitabu hakiwezi kuketi baina ya watu wawili waliokasirikiana, kikamsikiliza huyu na kikamsikiliza huyu. Kwa kazi hiyo hutakiwa mtu, na mtu huyo awe ameiweka ilimu yake chini ya khofu ya Mwenyezi Mungu.

Masheikh wote wawili walifariki mwaka 1925. Miongoni mwa walioandika habari zao ni Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mwenye tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili iliyotimizwa mwaka 1969. Tusomapo habari hizo twaona kuwa masheikh hawa hawakuipata hikima kwa wingi wa kurasa peke yake. Waliipata kwa kukaa na wenye nayo, na kwa kukubali kuwa wanafunzi hata baada ya kuwa walimu.

THUMNI ILE ILE, NYUMBA MBILI

Sasa turudi katika mitaa yetu ya leo. Tumeyaona mawili haya kwa macho yetu, nasi hatutamtaja mtu jina.

Mzee mmoja alifariki akaacha mke, watoto na nyumba moja. Siku ya tatu, matanga bado yamewekwa, kijana wake alisimama mbele ya jamaa akaigawa mirathi kwa kinywa: mke apate thumni, sehemu moja katika nane, kwa kuwa marehemu ana watoto, watoto wapate kilichobaki, mwanamume kwa sehemu ya wanawake wawili. Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja. Lakini mjane alikuwa nyuma ya pazia, akisikia nyumba aliyoishi miaka thelathini ikikatwa vipande kabla machozi yake hayajakauka. Kaka wakubwa wakaona wamevunjiwa heshima. Leo jamaa wale hawapeani mkono hata siku ya Idi.

Katika nyumba nyingine, mambo kama hayo yalimfikia mzee wa ukoo aliyesoma kidogo kuliko kijana yule. Kwanza aliuliza madeni ya marehemu akayalipa katika mali yake, kisha akatimiza wasia. Mjane akamwambia akae eda yake katika nyumba ile kwa utulivu, miezi minne na siku kumi. Hapo baadaye akawakusanya wote, akawasomea mafungu mbele ya mwanachuoni. Mjane akapata thumni ile ile, hapana nukta iliyozidi wala kupungua. Naye mwenyewe ndiye aliyeomba dua ya kufungia kikao.

Tazameni, ndugu zangu, kuwa mzee huyu hakuilegeza sharia. Deni na wasia kutangulia urithi ni sharia. Mjane kutulia katika eda ni sharia. Ndani ya sharia yenyewe mna subira, na mwenye haraka huchukua hesabu akaiacha subira.

Wala tusiwalaumu vijana peke yao. Yuko mzee asiyejua, akajificha nyuma ya mvi zake. Akiulizwa dalili husema tu kuwa ndivyo alivyowakuta wazee. Huyo naye hana hikima, kwani hikima haisimami pasipo ilimu kama nyumba isivyosimama pasipo msingi. Kijana ana haki ya kuuliza, na mzee ana wajibu wa kujibu au kusema kuwa hajui. Imamu Malik alikuwa mwanachuoni mkubwa wa Madina, na katika masala mengi aliyoulizwa alijibu kuwa hajui, wala heshima yake haikupungua.

YATUPASAYO

La kwanza, kila mmoja aanze na nafsi yake. Ukijifunza jambo leo, litende wewe kabla hujamwamrisha nalo mwenzio.

La pili, tuwakalishe watoto wetu pamoja na watu wema. Simu itampa mtoto maneno ya sheikh. Haitamwonyesha namna sheikh anavyompokea fakiri mlangoni, wala namna anavyonyamaza anapotukanwa.

La tatu, tukitaka kumkosoa mtu tumkosoe faraghani, khasa akiwa ni mzazi. Luqman aliyepewa hikima hakuwa Mtume kwa kauli ya wanachuoni wengi. Mausio yake kwa mwanawe katika Sura iitwayo kwa jina lake yanaanza kwa kumpwekesha Mwenyezi Mungu, na yanaishia katika mwendo wa mtu na sauti yake, kuwa aishushe. Basi hata sauti ina sehemu yake katika hikima.

La nne, tuombe. Kitabu chaweza kununuliwa dukani, lakini hikima hutolewa na Mwenyewe.

Mahali hapa twapaita Darajani kwa sababu zamani palikuwa na daraja la kuvukia hori lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Hori limefukiwa, daraja halipo tena, limebaki jina. Tujihadhari, ndugu Waislamu, na nyumba zetu zisiwe hivyo: zikaitwa nyumba za ilimu, na lile liwavushalo watu kutoka katika kujua mpaka katika kutenda wema likawa limekwisha kuondoka.

Ewe Mola wetu, tufundishe yatakayotunufaisha, tunufaishe kwa uliyotufundisha, na utujaalie hikima katika majumba yetu na katika vizazi vyetu. Amin.