Wapulizaji Watano Wasio na Kiongozi

Juzi mwalimu mmoja wa muziki alinilalamikia kwamba wanafunzi wake walisinzia alipowasikizisha kundi la wapulizaji watano: filimbi, obo, klarineti, basuni na pembe. "Hayo ni mambo ya Wazungu," walimwambia.

Kwa maoni yangu, kosa halikuwa lao. Mwalimu aliwajaza tarehe, asiwaeleze ala. Laiti angaliwaletea nzumari ya Wadigo! Nzumari na obo ni ndugu, msomaji: zote hupulizwa kupitia ndimi mbili nyembamba zinazotetema zikigusana. Mtoto wa Kwale aliyekesha ngomani huijua sauti hiyo kabla hajaingia darasani.

Anton Reicha, mzaliwa wa Prague (1770), alilitungia kundi hili tungo 24 jijini Paris; naye ndiye aliyewafunza Berlioz na Liszt. Kazi yake haikuwa nyepesi. Ala nne za nyuzi hulandana sauti kwa kuwa ni za ukoo mmoja, bali hizi tano hazifanani hata kwa pumzi. Pembe, ambayo ni ya shaba, ikivuma ovyo huimeza filimbi. Wala hapana kiongozi mwenye kijiti: mmoja huinua kichwa, wenziwe wakavuta pumzi pamoja naye. Pumzi hiyo ndiyo ningaliwataka wanafunzi waisikilize, kabla ya noti yoyote.

Nimemwahidi mwalimu yule kumtafutia mpiga nzumari. Sharti langu ni kwamba asikike kwanza yeye, ndipo Reicha afuate.