Utangulizi: Kati ya Hewa na Ardhi

Hii ni elimu inayochunguza ajali ambazo magazeti hayaziandiki. Ndege ya mafunzo, tuseme Cessna 172, imetua salama na kukimbia kidogo kwenye njia yenye theluji, kisha imegeuka upande na kugonga tuta la theluji. Propela imepinda, mwanafunzi na mkufunzi wake wameshuka wazima.

Chanzo chake kinaeleweka. Ndege iliyo kasini huongozwa na hewa inayopita kwenye usukani wa mkia. Mwendo ukipungua, kazi hiyo hupokewa na matairi na breki. Kwenye lami kavu makabidhiano hayo hayaonekani. Kwenye barafu, hewa huachia kabla ardhi haijashika, na katika sekunde hizo upepo wa ubavuni unatosha kuitoa ndege njiani. Mwanafunzi akikanyaga breki kwa hofu, magurudumu hujifunga na kuteleza. Ndege ndogo za aina hii hazina mfumo wa kuyazuia yasijifunge.

Elimu hii ilipata lugha ya pamoja kwa msiba. Desemba 8, 2005, Boeing 737 iliyokuwa ikitua katika uwanja wa Midway, Chicago, iliteleza kwenye theluji, ikavunja uzio na kutokea barabarani, ikamuua mtoto aliyekuwa garini. Kazi iliyofuata ilizaa utaratibu ulioanza Marekani mwaka 2016 na kimataifa mwaka 2021: hali ya njia hupewa namba, 6 ikiwa kavu, 0 ikiwa breki hazishiki kabisa. Theluji iliyoshindiliwa hupata 4 katika baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri au zaidi; baridi ikilegea hushuka hadi 3. Barafu iliyolowa ni 0. Siku inayoanza kupata joto, basi, ndiyo ya kuogopwa.

Lakini namba hizo zilibuniwa kwanza kwa ndege kubwa. Majedwali ya kutua ya Cessna 172 huchukulia lami kavu na tambarare. Yanayobaki huamuliwa na mkufunzi. Ndiyo maana ajali ndogo zina thamani kwetu: waliohusika wako hai na wanaweza kueleza walichokiona.

Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinataka uchunguzi ulenge kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Isome kila ripoti kwa kanuni hiyo: uliza rubani alijua nini kuhusu njia, alikijua lini, na nani angeweza kumwambia mapema zaidi.