Mshauri Asiyeadhibu: Malezi ya Wanafunzi wa Sekondari ya Juu nchini Uganda na Tanzania

Ikisiri
Makala haya yanaeleza malezi na ushauri nasaha kwa wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari nchini Uganda na Tanzania. Hoja kuu ni kwamba ushauri hudhoofika pale mtu yuleyule anapokabidhiwa kazi ya kusikiliza na kazi ya kuadhibu.

1.0 Utangulizi
Katika nchi zote mbili, sekondari ya juu ni ya miaka 2 inayofuata miaka 4 ya sekondari ya kawaida. Wengi wa wanafunzi wake hutimiza miaka 18 wakiwa bado shuleni. Kwa kuwa sheria za nchi hizi humhesabu mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri huo, mwanafunzi aweza kulala bwenini akiwa mtoto na kuamka akiwa mtu mzima kisheria, ilhali kengele, zamu na kanuni za shule zimebaki zilezile. Aidha, wengi huanza ngazi hii katika shule mpya, mbali na nyumbani, miongoni mwa walimu wasiowafahamu.

2.0 Mshauri katika Jadi
Jamii zetu zilikwisha kulitafakari suala hili. Kwa Waganda, ssenga, yaani shangazi, ndiye aliyemfunda binti mambo ya utu uzima. Katika pwani ya Waswahili kazi hiyo ilikuwa ya somo au kungwi. Pamoja na tofauti zao, desturi hizi zilimpa kijana mtu mzima mwingine, nje ya wazazi wake, wa kumweleza yale asiyoweza kuyatamka mbele yao.

3.0 Hali Shuleni
Shule za Uganda zina nafasi ya mwalimu mwandamizi wa kike na mwenzake wa kiume, wanaoshughulikia ustawi wa wanafunzi. Tanzania ina walimu walezi na walimu wa ushauri nasaha. Hata hivyo, mshauri huyo pia hufundisha, hushika zamu na huweza kuketi katika kamati ya nidhamu.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa kidato cha tano anayetoroka bweni usiku ili afanye kibarua, kwa sababu aliyekuwa akimtunza amefariki. Akimweleza mwalimu ukweli, amekiri kosa. Akinyamaza, msiba wake hautajulikana hadi atakapokamatwa. Kimya cha namna hii hakitokani na ukaidi. Ni hesabu ya mtu anayejua nani atakayemhukumu.

Sheria zinatofautiana. Uganda ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni kupitia marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016, ilhali kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi 4 chini ya mamlaka ya mkuu wa shule. Lakini kuondoa fimbo pekee hakutoshi, kwa kuwa kusimamishwa masomo karibu na mtihani wa mwisho kwaweza kumwogofya mwanafunzi kuliko kiboko.

4.0 Mapendekezo
Kwanza, mshauri asiwe mjumbe wa kamati ya nidhamu wala asitakiwe kutoa ushahidi mbele yake. Pili, mipaka ya usiri iandikwe na kusomwa kwa wanafunzi: siri itunzwe, isipokuwa pale uhai au usalama wa mtu umo hatarini. Tatu, vipindi vya mshauri vipunguzwe ili apate saa zinazojulikana za kusikiliza. Nne, awepo afisa ustawi wa jamii au kituo cha afya cha kumpelekea mwanafunzi ambaye shida yake inazidi uwezo wa mwalimu.

Yaweza kusemwa kuwa shule hazina walimu wa kutosha. Pingamizi hili lina uzito kwa pendekezo la tatu. Mawili ya kwanza, hata hivyo, hayahitaji ajira mpya, bali mgawanyo mwingine wa kazi kwa walimu waliopo.

5.0 Hitimisho
Nidhamu na ushauri vyote ni malezi, lakini haviwezi kukaa katika kiti kimoja. Watunga sera wanaotaka kujua matatizo ya vijana hawa kabla hayajawa makosa hawana budi kuanza kwa kuvitenganisha viti hivyo.