Dhima, Hatia na Fidia katika Sheria ya Mazingira

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa sheria ni dhima. Walimu wengi hulifahamu kwa maana ya kazi inayotekelezwa na kitu, kama vile dhima ya fasihi katika jamii. Katika sheria, dhima ni hali ya mtu kupaswa kubeba hasara iliyompata mwenzake kwa sababu yake. Wapo wanaoandika hatia mahali pake, na hapo ndipo maana inapopotoka.

Tuchukue mfano wa Gare, katika milima ya Usambara wilayani Lushoto, ambako mashamba yamo katika miteremko mikali. Mkulima wa juu akifyeka miti na kulima hadi ukingo wa kijito, masika yakifika udongo huporomoka na kufukia mboga za mkulima wa bondeni. Huenda yule wa juu hakukusudia ubaya wowote. Je, hasara ile ni ya nani? Hilo ndilo swali la dhima. Hatia ni jambo baina ya mtu na dola, na mwisho wake ni kifungo au faini, nayo faini huingia katika hazina ya Serikali. Dhima ni jambo baina ya aliyedhuru na aliyedhurika, na mwisho wake ni fidia. Mfasiri akichanganya mawili haya, mwenye mboga hajui kwamba ana haki ya kudai.

Usambara inazijua vema sheria za adhabu. Katika mpango wa kikoloni wa kuhifadhi udongo, ulioanza katika bonde la Mlalo mwaka 1946, wakulima walilazimishwa kulima kwa matuta, na waliokaidi waliadhibiwa. Wananchi waliupinga, nao ukaachwa kabla ya Uhuru.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 haikuishia kwenye adhabu. Imekubali kanuni kwamba mchafuzi hulipa, na inaruhusu mhusika aamriwe kurejesha mazingira katika hali yake ya awali. Tumeona mahali fulani pameandikwa “kukarabati mazingira”. Neno hilo tuwaachie waashi.

Iko pia dhima isiyohitaji kuthibitisha uzembe. Mahakama ya juu ya Uingereza iliikubali mwaka 1868 katika kesi ya Rylands na Fletcher, baada ya maji ya bwawa la mtu mmoja kupenya na kufurika katika mgodi wa jirani yake. Baadhi huiita “dhima kali”. Sisi hatulipendelei jina hilo, kwani ukali humrudisha msomaji kwenye adhabu. “Dhima bila uzembe” ni refu kidogo lakini halipotoshi.

Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, makosa ya namna hii hayabaki tena katika rasimu za wafasiri. Basi katika shauri la mkulima wa bondeni tuandike mdai na mdaiwa. Mshtakiwa ni wa kesi za jinai.