Swaumu ya Kijana Mwenye Kisukari

Tuchukue nyumba moja ya Ijumbi, wilayani Muleba. Mna kijana aliyekwisha baleghe, ana kisukari cha aina ya kwanza, na Ramadhani imeingia. Wazee wake wanaona haya asipofunga. Sheria yasemaje?

Kwanza tuufahamu ugonjwa. Kongosho lake halitengenezi tena insulini, hivyo anaishi kwa sindano za kila siku. Kabla ya dawa hii kutumika mara ya kwanza huko Toronto, Kanada, mwaka 1922, watoto wa namna yake hawakuishi muda mrefu. Akifunga, sukari yaweza kushuka mpaka akatetemeka, akatokwa jasho na kuzimia. Na wako wanaodhani kwamba asiyekula hahitaji sindano. Hili ni kosa la hatari: akiiacha insulini kabisa, damu hujaa asidi, naye aweza kufa.

Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kula katika Suratul-Baqara, aya ya 184 na 185. Mafaqihi wakafafanua kuwa daktari mwaminifu akithibitisha hatari kubwa, kufunga huwa haramu kwake. Asiyetarajiwa kuweza kulipa siku hizo hutoa fidia, nayo kwa Mashafi ni kibaba kimoja kwa kila siku. (Kibaba hicho ni cha nafaka. Ndizi, ingawa ndizo chakula cha Wahaya, si nafaka. Basi utolewe mchele au mahindi.)

Wanaomshurutisha wakumbuke Hadithi ya Jabir (r.a.) aliyoipokea Abu Daud. Mtu alijeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamnyima. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali, akasema wao ndio waliomuua.

Wapo vijana ambao daktari, tuseme wa hospitali ya Rubya, huona wanaweza kujaribu. Hao wapangiwe dozi upya kabla ya mwezi, wachelewe kula daku, na wapime sukari mchana. Kutoa damu ya kupima hakubatilishi swaumu, wala sindano isiyo ya lishe. Ndivyo ilivyoamua Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jidda mwaka 1997. Sukari ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au juu ya 16.6, afungue papo hapo, hata kama Magharibi imebakiza dakika kumi. Nayo insulini huharibika kwa joto: pasipo na jokofu, iwekwe kivulini ndani ya mtungi wa udongo uliololowa nje, chupa yenyewe isiguswe na maji.