Mlango wa Behewa la Kima

Usiku mmoja wa Juni 1900, wanaume watatu walilala ndani ya behewa lililoachwa kwenye reli ya kando, stesheni ya Kima, Makueni. Charles Ryall, mkuu katika polisi wa reli, alikuwa amesikia kwamba simba anakula watu hapo stesheni. Akaamua kumvizia, pamoja na wenzake Huebner na Parenti. Ryall alishika zamu ya kwanza, na inaelekea usingizi ulimpitia.

Ninapofundisha uandishi wa filamu za taharuki zinazochezwa ndani ya chumba kimoja, huanza na kisa hiki. Wengi hudhani hofu inaletwa na udogo wa chumba. Udogo peke yake huchosha mapema. Hofu huja mtazamaji anapokijua chumba chenyewe: nani kalala sakafuni, mlango unafungukia wapi. Katika 12 Angry Men (1957), Sidney Lumet aliwafungia watu 12 chumbani waamue hatima ya kijana mmoja. Kadiri mabishano yalivyopamba moto, aliteremsha kamera na kubadili lenzi, hadi dari likaonekana kuwaelemea vichwani. Kuta hazikusogea hata inchi.

Behewa la Kima lilikuwa limeinama upande kidogo, na mlango wake ulikuwa wa kuteleza. Mwongozaji makini angetuonyesha mwinamo huo mapema, pengine kwa kikombe kinachosogea chenyewe mezani, kisha akanyamaza. Simba alipopanda, behewa likalala zaidi kwa uzito wake. Mlango ukateleza, ukajifunga. Parenti alikuwa sakafuni, Ryall kitanda cha chini, Huebner kitanda cha juu. Simba alimkanyaga Parenti ili amfikie Ryall. Huebner, kwa kukosa njia nyingine, alirukia mgongo wa simba akakimbilia mlango wa pili, akaukuta umeshikiliwa kwa nje na vibarua walioshikwa na hofu. Alipambana nao hadi akapenya. Nyuma yake simba alivunja dirisha, akatoweka gizani na mwili wa Ryall.

Watengeneza filamu wa nje walivutiwa zaidi na simba wengine wala watu, wale wa Tsavo: Bwana Devil (1952), kisha The Ghost and the Darkness (1996), iliyopigwa Afrika Kusini. Behewa la Ryall bado lipo, katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Filamu yake ingehitaji chumba kimoja na waigizaji wachache, gharama ambayo vijana wa Wote au Kitui wanaweza kuimudu.

Ningewaomba jambo moja: kamera ikae nje. J. H. Patterson, aliyekisimulia kisa hiki katika kitabu chake cha 1907, hakuwataja kwa majina wale vibarua walioushika mlango, ilhali simba huyo aliwatisha wao kwanza. Hawaoni kitu. Wanasikia vishindo, na ubao unatikisika mikononi mwao, wasijue anayeutikisa ni mtu au ni simba.