Haki za Mpangaji (Sehemu ya Pili): Chumba cha Kodi Ndogo

Katika sehemu ya kwanza tulieleza maana ya mkataba wa kupanga. Leo tunaiangalia sheria inayomkinga mpangaji wa kipato kidogo, maana wengi wanaostahili kinga hiyo hawajui kwamba ipo.

Kishushe, upande wa Wundanyi, inajulikana kwa madini ya chuma. Penye machimbo huja vibarua, na kibarua mgeni lazima apange chumba. Makubaliano ya mdomo yanatosha, hadi siku kodi inapopandishwa ghafla. Hapo mpangaji hufunga virago akidhani hana pa kusemea.

Pa kusemea papo. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, ilianza mwaka 1959. Inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake halali haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kodi halali ni ile iliyotozwa tarehe 1 Januari 1981. Chumba ambacho hakikuwa kimepangishwa siku hiyo hukadiriwa na Baraza la Kodi za Nyumba: kati ya asilimia 1.25 na 1.5 ya gharama ya ujenzi pamoja na thamani ya kiwanja. Ikiwa jumla ni shilingi 160,000, kodi itakuwa kati ya 2,000 na 2,400. Mwenye nyumba anayetoza 3,500 kwa chumba hicho hajaikwepa sheria; ameivunja.

Tena, hawezi kumtoa mpangaji bila amri halali. Malimbikizo ya kodi ni sababu ya kuomba amri hiyo, na kuiomba ni haki ya mwenye nyumba. Lakini kumsumbua mpangaji kusudi ahame, kwa mfano kwa kung'oa mlango, ni kosa la jinai.

Udhaifu wa sheria hii uko kwenye kiwango chake. Shilingi 2,500 hazijapandishwa kwa miongo, hivyo wapangaji wengi wa miji kama Voi wamebaki nje. Mswada wa mwaka 2021 ulikusudia kuziunganisha sheria za nyumba na za biashara, lakini Bunge lile lilimaliza muhula mwaka 2022 bila mswada kuwa sheria. Ni wajibu wa wabunge wetu kuufufua.

Wakati huo huo, mpangaji, dai risiti kila mwezi, na ujumbe wa malipo ya simu usiufute. Baraza husikiliza ushahidi.

Juma lijalo: wapangaji wa maduka na sheria ya 1965.